Mashine Imeshapata Joto

Jumatatu, 2 Septemba

Nimeanza shajara. Watu wakubwa huwa nazo, na ukubwa wangu uko njiani.

Mambo yenyewe ni haya. Kiwanda chetu cha ndoo za plastiki kimenunua mashine mpya ya kupima mishikio. Unaitundika ndoo kwenye kulabu, mashine inaivuta chini, inaivuta, inaivuta, mpaka mshikio unakatika. Pa! Juu kabisa kuna sensa, kidude cha chuma kinachoenea kiganjani. Hicho ndicho kinachohisi mshikio umevutwa kwa nguvu kiasi gani, na skrini inaonyesha kilo. Mshikio ukikatika kabla ya kilo thelathini, ndoo za fungu hilo zinarudi kusagwa. Ukivuka thelathini, zinakwenda kuuzwa. Yaani kutwa nzima navunja mali ya kiwanda kwa idhini ya kiwanda. Sijawahi kupata kazi inayonifaa kama hii.

Tena kuna zuri zaidi. Meneja anatafuta mkuu wa chumba cha vipimo. Mkuu atapewa ufunguo wake na kiti chenye mikono. Kiti kimeshaletwa, bado kimo ndani ya nailoni, kiko kwenye kona kinasubiri. Tunaokitolea macho ni wawili. Mimi, zamu ya asubuhi. Na yule wa zamu ya mchana tunayemwita Tuhakikishe, maana hawezi hata kunywa maji bila kusema kwanza tuhakikishe.

Fundi wa kike aliyeifunga mashine, Dada Fundi, ametufundisha saa nzima. Iwashwe mapema, ipewe muda ipate joto. Kitufe cha sifuri kibonyezwe asubuhi, kulabu zikiwa tupu. Mlango wa kizimba cha wavu ufungwe kabla ya kuvuta. Kengele ikilia, uzito umezidi, acha mara moja. Na kila siku sensa ijaribiwe kwa kile chuma cha kilo tano: ukikitundika, skrini lazima iseme tano. Mwishoni alisema na jambo moja kuhusu kulabu, lakini wakati huo nilikuwa nakitazama kiti. Tuhakikishe alisikiliza yote bila kupepesa, kama mtu anayesomewa wosia.

Nyumbani nimekuta habari. Mama mkwe anakuja kesho, atakaa wiki. Mke wangu alikuwa anamwambia kwenye simu kwamba ninagombea ukubwa. Nikamnyang'anya simu, nikarekebisha: ukubwa nimeshaupata. Ufunguo, kiti, ofisi. Hiyo ofisi ilinitoka tu mdomoni. Mama mkwe akapiga kigelegele cha kuniziba sikio. Mke wangu akanitazama kwa lile jicho lake. Nikamwambia atulie, ni suala la siku chache.

Jumanne, 3 Septemba

Siku ya kwanza na mashine! Lakini kwanza suala la chakula. Kantini yetu ina mtu anayefunua vyombo vya wenzake na kuonja. Hajulikani. Mezani kuna sisimizi. Nikaangaza macho chumbani na kuona kumbe ule upau wa juu, unaoning'inia chini ya sensa, una kulabu mbili. Ya mbele ni ya ndoo. Ya nyuma haina kazi, tena imejificha nyuma ya sanduku la swichi. Sisimizi hawafiki. Mwonjaji hafiki. Mota iko karibu, inatoa vuguvugu. Mtu aliyebuni mashine hii alikuwa anajua shida za wafanyakazi.

Nikawasha mapema. Nikabonyeza sifuri, kulabu tupu, kama tulivyofundishwa. Nikatundika hotpoti yangu. Namba ikapanda yenyewe mpaka mbili na kitu. Nikakumbuka maneno ya Dada Fundi. Basi, mashine imeshapata joto. Nikaanza kazi.

Mafungu yote ya asubuhi yamefaulu! Thelathini na moja, thelathini na mbili, thelathini na moja tena. Mchana nikateremsha hotpoti, nikala, nikamwachia Tuhakikishe mashine. Jioni tumesikia kwamba mafungu yake matatu yamefeli. Ishirini na tisa. Ishirini na tisa na nusu. Maskini. Wengine hawana bahati na mashine.

Mama mkwe amefika. Ameuliza ofisi yangu ina madirisha mangapi. Nimesema mawili.

Jumatano, 4 Septemba

Mama mkwe ameshika jiko. Anasema mkuu hawezi kwenda kazini na chakula cha ndege. Hotpoti yangu ameiweka kando, ametoa ya kwake aliyokuja nayo, yenye bakuli tatu zinazopandana, ameishindilia wali na maharage na kuifunga kwa kitambaa cha maua. Nimeibeba kwa mikono miwili.

Mashine leo imepata joto haraka kuliko jana. Tatu kamili! Na ndoo zimeitikia. Hakuna hata fungu moja lililoshuka chini ya thelathini na mbili. Meneja alipita, akasimama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akauliza nafanyaje. Nikasema ni mkono tu. Kuna watu wana mkono wa kupanda maua, mimi wangu ni wa ndoo.

Mchana Tuhakikishe akafelisha mafungu manne. Meneja akamwita na kumuuliza ana ugomvi gani na kiwanda. Tuhakikishe akasema mishikio inayotoka siku hizi ni myembamba, inawezekanaje ifaulu asubuhi na kufeli mchana? Akachukua kile chuma cha kilo tano, akakitundika mbele ya Meneja. Tano. Hotpoti ilikuwa mezani tupu, mimi najichokonoa meno. Nikasema kwa upole kwamba mashine haina kosa, labda tuangalie mtu.

Tuhakikishe amesema kesho atakuja mapema, aijaribu kwa chuma hichohicho asubuhi, kabla sijaanza. Nimeshtuka. Mtu haji kazini mapema kwa wema. Ni wivu huo! Anataka kuichezea mashine yangu ikiwa bado haijapata joto.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimemwahi. Nilifika kabla ya mfagiaji, nikachukua chuma cha kilo tano, nikakizungushia fulana na kukitia mfukoni mwa begi. Bila chuma ataijaribu kwa kitu gani? Akili kichwani.

Tuhakikishe amekitafuta kila mahali. Chini ya meza, nyuma ya makabati, ndani ya ndoo moja moja. Nimemsaidia kutafuta kwa moyo wote, hasa pale ambapo hakikuwepo. Mwisho akaenda kwa Meneja na kusema kwamba sensa isiyojaribiwa ni kama shahidi asiyeapishwa, kwa hiyo hakuna ndoo inayopaswa kutoka ghalani mpaka chuma kipatikane. Nilidhani Meneja atamfukuza ofisini. Thubutu! Amekubali. Ndoo zangu zote zilizofaulu zimezuiwa ghalani kama wahalifu.

Begi limenikata bega njia nzima. Nyumbani mama mkwe akaona chuma, akauliza ni nini. Nikasema ni kizuizi cha mlango wa ofisi, kila mkuu hupewa. Akakipokea kwa heshima, akakipangusa, akakiweka juu ya kabati karibu na picha ya harusi.

Ijumaa, 6 Septemba

Siku mbaya, lakini nimeitoka salama.

Ilianza nyumbani. Mke wangu amesema tangu mama yake ashike jiko nimetoa kitambi, nimefika kilo themanini. Mimi! Nikasema sizidi sabini. Akacheka hadi akashika ukuta. Mchana, nilipomaliza kula na kabla Tuhakikishe hajaingia, nikaona suluhisho liko mbele yangu. Kuna mashine inayopima kilo. Kuna kulabu. Nikafungua kizimba, nikapanda ndoo iliyogeuzwa, nikaishika kulabu ya mbele kwa mikono miwili, nikanyanyua miguu.

Kengele ikalia kiwanda kizima! Sikujua kama ina sauti ile. Mashine ikazima. Watu wote wakakimbilia uani wakidhani ni moto, mpishi wa kantini na mwiko mkononi. Na mimi nikatoka mbio, nikamuuliza mlinzi kuna nini.

Dada Fundi akaitwa. Akaifungua sensa, akaondoka nayo kwenda kuipima kwa vyombo vyake. Jioni akairudisha na kuifunga. Ni nzima, amesema, kwa bahati tu. Ikitundikiwa mzigo uliozidi inaweza kupinda ndani kidogo tu, na kwa nje isionekane kitu. Akatutazama mmoja mmoja. Kisha akasema maneno ambayo Tuhakikishe ameyarudia mara tatu tangu wakati huo:

"Sensa iliyozidishiwa haipigi kelele. Inaanza kusema uongo taratibu, na nyinyi mnaendelea kuiamini."

Akauliza nani aliitundikia mzigo. Nikasema huenda ni paka. Akauliza paka wa namna gani. Nikasema wa hapa kiwandani ni wakubwa. Hakucheka, ila aliandika kitu.

Uzito wangu bado haujulikani. Mke wangu anasema yeye anaujua.

Jumamosi, 7 Septemba

Furaha! Meneja ametutangazia kwamba Jumatatu anakuja Mteja Mkubwa, mama mmoja anayenunulia hospitali ndoo kwa maelfu. Anataka kuona kwa macho yake mishikio ikipimwa. Atakayepima ni mimi! Ndoo zangu ndizo zinazofaulu, kwa nini aonyeshwe zinazofeli? Na Meneja akaongeza, huku akikitazama kiti, kwamba mambo yakienda vizuri Jumatatu hiyohiyo atamtaja mkuu.

Tuhakikishe hakugombana. Alinifuata nilipokuwa nanawa mikono, akasema taratibu, "Ndugu yangu, ndoo hizi zinakwenda wodini. Mtu atabeba maji ya moto, mgonjwa yuko chini yake. Mshikio ukikatika pale, utamwambia nini?"

Nikamwambia ndoo zangu zina afya tele. Lakini nakiri niliendelea kunawa mikono muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Nyumbani nikatangaza habari ya Jumatatu kwa fahari. Kosa! Mama mkwe akasema vizuri sana, kwa kuwa Jumanne anarudi kwake, Jumatatu atapita kazini kuiona ofisi. Nikasema si siku nzuri. Akasema hatakaa, ataangalia tu madirisha.

Nimekosa raha nusu saa. Kisha akili ikaja. Nimerudi kiwandani, nimepanga makatoni matupu nyuma ya mashine mpaka yakawa ukuta, nikasogeza kiti chenye mikono nikakiweka katikati, nikachora madirisha mawili kwa kalamu nzito. Ukisimama mbali ni ofisi. Mlinzi wa getini nimemwomba amzuie mama mkwe mpaka Mteja Mkubwa aondoke. Amekubali na kuniahidi kwa mkono kifuani.

Jumatatu, 9 Septemba

Sijui nianzie wapi. Naanzia asubuhi, ilikuwa nzuri.

Mama mkwe alijaza hotpoti mpaka kifuniko kikakataa, akakishikilia kwa kitambaa cha maua na mafundo mawili. Siku kubwa, chakula kikubwa. Kazini nikawasha mashine, nikabonyeza sifuri, nikatundika. Joto safi kabisa! Tatu na robo.

Mteja Mkubwa ni mama mkimya mwenye miwani, anashika kila kitu kabla ya kuuliza. Alikuja na Meneja, na Dada Fundi aliitwa ajibu maswali. Tuhakikishe alisimama pembeni. Niliacha mlango wa kizimba wazi ili mgeni aone vizuri. Tuhakikishe akaufunga. Nikaufungua. Akaufunga tena na kuuegemea kwa mgongo. Mbele ya mgeni sikutaka kuvutana, nikaivuta ndoo yangu ya kwanza hivyohivyo, mlango umefungwa. Thelathini na tatu! Meneja akanipiga bega.

Ndoo ya pili mshikio ukakatika kwa kishindo, ukaruka na kugonga wavu mbele ya pua yangu. Tang! Thelathini na mbili na nusu. Pua iko salama. Nashukuru nilisimama mahali pazuri.

Mteja Mkubwa akaomba apewe ule mshikio. Akaupinda kwa vidole. Akasema ndoo alizonunua mwaka jana zilipimwa thelathini, na mishikio yake ilikuwa minene kuliko huu. Akamuuliza Dada Fundi kama sensa imejaribiwa leo. Dada Fundi akanigeukia. Nikasema chuma cha kupimia kilipotea kwa namna ya kusikitisha.

Hapo mlango ukafunguliwa. Mama mkwe. Gauni la sherehe, kikapu mkononi. Nyuma yake mlinzi, ameshika kipande cha mkate na anatafuna. Amehongwa! Mama mkwe akasalimia watu wote mmoja mmoja, akauliza na habari za nyumbani kwao, kisha akatia mkono kikapuni.

"Mwanangu, umesahau kizuizi chako cha mlango. Nimekuletea, ofisi isije ikajipigapiga na upepo."

Akanikabidhi chuma cha kilo tano mbele ya wote.

Nilitamani ardhi ipasuke. Tuhakikishe alikitazama kile chuma kama ndugu aliyerudi kutoka safari ndefu. Dada Fundi akasogea. Akakichukua mkononi mwangu, akakitundika kwenye kulabu ya mbele, tukatazama skrini wote.

Nane na robo.

Akakiondoa. Kulabu ya mbele tupu, skrini ikasema tatu na robo. Akauliza hizo tatu zimetoka wapi. Nikamweleza kwa utulivu kwamba hilo ni joto. Akauliza joto gani. Nikaeleza vizuri, kwa mikono, jinsi ninavyoiwasha na kubonyeza sifuri, jinsi namba inavyopanda nikishamaliza kujipanga, na jinsi siku nyingine inavyopata joto zaidi. Nilieleza kwa ufasaha. Kadiri nilivyoeleza, chumba kilizidi kunyamaza kama maji mtungini.

Katikati ya kimya hicho ikatoka sauti ya mama mkwe. Alikuwa ameshazunguka nyuma ya mashine kutafuta madirisha.

"Mwanangu, ofisi nimeiona. Lakini chakula changu kinafanya nini juu ya mashine?"

Akajinyoosha, akaiteremsha hotpoti. Skrini ikasema sifuri.

Kisha Mteja Mkubwa akavua miwani, akajiinamia, akacheka mpaka akaomba kitu cha kufutia machozi. Meneja alisubiri aone kama inaruhusiwa, akacheka na yeye. Dada Fundi akaniuliza, bila hasira, kama nakumbuka jambo la mwisho alilotufundisha, kwamba chochote kinachoning'inia kwenye upau ule, sensa inakihesabu. Nikasema siku ile kulikuwa na kelele. Akasema, kumbe siku zote hizi ndoo zangu zilikuwa zinafaulu kwa nguvu ya maharage.

Baada ya kicheko Mteja Mkubwa akavaa miwani na uso wake ukabadilika. Akauliza hizo ndoo za asubuhi ziko wapi. Nikaona rangi inamtoka Meneja. Tuhakikishe ndiye aliyejibu. Zote ziko ghalani, hata moja haijatoka, kwa sababu chuma kilipotea. Yule mama akamtazama kwa muda. Akasema kwenye hospitali moja alishaona mshikio ukikatika, na maji yalikuwa yamechemka, na hataki kuona tena. Kisha akamwambia Meneja, "Huyu akinipimia upya zote, nanunua. Akipima mwingine, sinunui."

Mwili ulinisisimka kusikia habari ya yale maji. Nasema kweli. Nilimfikiria mgonjwa aliyelala, na nikashukuru moyoni kwamba ndoo hazikutoka. Halafu nikagundua kwamba zilizuiwa kwa sababu nilificha chuma. Kwa hiyo ukiliangalia jambo hili kwa haki, aliyeokoa wagonjwa ni nani? Nilijaribu kulieleza hilo. Meneja akaniomba ninyamaze.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mikono, katikati ya makatoni. Meneja akamweleza kwa heshima kwamba kiti hicho ni cha mkuu wa chumba, na mkuu ni huyu hapa, akamwonyesha Tuhakikishe. Mama mkwe akanitazama. Akatazama madirisha niliyochora. Akasimama, akakipangusa kiti kwa ncha ya kanga yake. "Kaa, baba," akamwambia Tuhakikishe. Naye, kabla ya kukaa, akakitikisa kwanza kuhakikisha.

Nilirudi nyumbani nyuma yao, mama mkwe na mke wangu, aliyekuja kumpokea getini, wakiwa mbele wameshikana mikono. Mabega yao yalikuwa yanatikisika. Si kwa kilio.

Jumanne, 10 Septemba

Mama mkwe ameahirisha safari. Asubuhi kulikuwa na hotpoti mbili mezani. Ile ya bakuli tatu, yenye kitambaa cha maua. Na ile yangu ya zamani. Nikanyoosha mkono kuchukua kubwa. Akanipiga kidogo kwenye kidole. Kubwa ni ya Tuhakikishe, amesema, kijana mwembamba, anazuia watu wasiungue. Nimetumwa nimpelekee.

Nimembebea mpaka kazini. Ameipokea kwa mikono miwili, ameiweka juu ya meza ya mbao ndani ya chumba chake, amegeuza ufunguo. Chakula changu nimekiacha kantini. Kimeonjwa.

Tumepima ndoo za asubuhi zote upya. Mimi nazibeba, yeye anatundika, chuma cha kilo tano kinapanda na kushuka kila mara. Nusu zimerudi kusagwa. Mafundi wamekuta kumbe mashine inayotengeneza mishikio ilikuwa na ufa, wameuziba. Tuhakikishe hajanicheka hata mara moja. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Jioni Meneja ameniita. Nikajua namwaga unga, kazi imekwisha. Lakini amesema mimi ni mchangamfu, nawafurahisha wateja, itakuwa hasara kuniondoa. Nahamishiwa ghalani, kupokea magunia ya plastiki ghafi. Ghalani kuna mizani ya sakafuni, bamba pana la chuma. Chini yake zimo sensa nne. Nne! Huku nilikuwa na moja. Ukiniuliza mimi, huko ni kupandishwa.

Jumatatu, 16 Septemba

Wiki nzima nimetafakari makosa yangu, kwa kina, bila kujionea huruma. Nimekuta ni moja. Nilimwamini mlinzi.

Ghalani ni raha. Dada Fundi alikuja kunifundisha mizani, peke yangu, uso kwa uso, na safari hii nimesikiliza mpaka neno la mwisho. Iwashwe mapema. Ibonyezwe sifuri ikiwa tupu. Na nisitundike kitu chochote, popote, kamwe. Akanifanya nirudie mara mbili. Nikarudia. Nimetii: hotpoti yangu iko chini, miguuni pangu.

Na kiti nimepata! Kilikuwa kimetupwa nyuma ya ghala, mkono mmoja umelegea, nimeufunga kwa waya. Nimekitafutia mahali. Karibu na mlango kuna vumbi, karibu na ukuta kuna giza. Katikati kuna bamba zuri la chuma, sawasawa kabisa, halina unyevu, na mwanga wa dirisha unaangukia hapohapo. Magunia hayajazi hata nusu yake. Asubuhi nimewasha, nimebonyeza sifuri, nimeweka kiti, nimekaa. Namba ikapanda mpaka themanini na tisa. Sensa nne zina joto jingi. Nikaanza kazi.

Kila mzigo ulioingia leo umezidi kiasi kilichoagizwa. Mtunza ghala hajawahi kuona msambazaji mkarimu namna hii, amekwenda kumwita Meneja. Nimemwambia hakuna haja ya kumshukuru msambazaji. Ni mkono tu.

Jioni nimempigia simu mama mkwe, aliyerudi kwake Jumamosi. Nimemwambia kwamba safari hii simdanganyi: kiti ninacho, kina mikono yote miwili, na kiko mahali pazuri kuliko pote ghalani. Ameuliza kuna madirisha mangapi. Kisha amesema Alhamisi anapanda basi, anakuja kukiona.